Kubadilisha kazi ughaibuni bila kupoteza viza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na Wazanzibari

Majibu haya ni ya Mzanzibari ambaye ameshatoka: yuko Maskati, Dubai, Doha au Riyadh, au anatunza wazee Uingereza, ana viza ya kazi na amepata kazi nyingine. Ni ya walioko nyumbani pia, Unguja na Pemba, wanaopigiwa simu usiku wa manane kuulizwa "sasa nifanyeje?" Sheria za nchi hizi hazifanani. Kabla ya kushika jibu lolote hapa chini, tazama limetaja nchi gani.

Viza ya kazi ni yangu au ni ya kafili?

Jina lililoandikwa ni lako, ila viza yenyewe imesimama juu ya jina la mwajiri, ambaye ndiye kafili, yaani mdhamini wako. Kuna mambo matatu yaliyofungana: mkataba, kibali cha kazi na ukaazi. Mkataba ukivunjika, mwajiri hufuta kibali. Kibali kikifutwa, ukaazi unaanza kuhesabiwa siku. Kubadilisha kazi maana yake ni kutoka kwenye jina moja kuingia jina jingine, na karibu kila balaa tunaloliona hutokea kwenye pengo baina ya majina hayo mawili. Mtu ameacha kazi Alkhamisi kwa hasira, kazi mpya aliahidiwa kwa mdomo, na mwezi wa pili unaingia hana kibali cha huku wala cha kule.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwenye jambo hili methali hiyo ni utaratibu wa kazi hasa. Usitoe notisi kabla hujashika ofa iliyotiwa sahihi, na kabla mwajiri mpya hajakuthibitishia kwamba serikali imempa nafasi ya kibali kwa kada yako, yaani aina ya kazi yako. Kampuni inaweza kukutaka kwa dhati na bado ikanyimwa kibali.

Oman bado inataka ruhusa ya kafili, ile NOC?

Hapana, tangu 1 Januari 2021. Zamani aliyeondoka bila NOC alizuiwa kurudi Oman kwa miaka miwili, na huku nyumbani wengi bado wanaamini hivyo ndivyo ilivyo. Siku hizi kinachotakiwa ni ushahidi kwamba mkataba wa zamani umekwisha, umevunjwa kisheria au umeachishwa kazi, pamoja na kibali cha serikali kwa mwajiri mpya.

Sasa sikiliza panapowakwaza watu. Kuondolewa kwa NOC hakukumpa mtu ruhusa ya kuhama katikati ya mkataba siku anayotaka. Kama mkataba wako una tarehe ya mwisho, tarehe hiyo ndiyo mlango. Kama hauna mwisho, Sheria ya Kazi ya 2023 (Amri ya Kifalme 53/2023) inataka notisi ya siku 30 kwa anayelipwa kwa mwezi. Tarehe inayohesabika ni ile ya mkataba uliosajiliwa Wizara ya Kazi, hata kama kafili alikwambia nyingine mlipokuwa mkinywa kahawa. Omba nakala ya mkataba uliosajiliwa mapema, wakati mambo baina yenu bado ni mazuri.

Jambo jengine ni kada. Oman imetenga kazi kadhaa kwa Waomani pekee, na orodha hiyo hubadilika. Kibali cha kazi uliyonayo kinaweza kuwa kimetolewa kabla kada haijafungwa, na ukihama hupati kingine cha jina hilo. Mwajiri mpya akufanyie uchunguzi wa jina la kazi kama litakavyoandikwa kwenye bataka (kadi ya ukaazi), neno kwa neno.

Nipo Dubai. Nianze na lipi, nimalize na lipi?

Mpangilio huu ni wa wafanyakazi wa kampuni binafsi chini ya wizara ya kazi ya Imarati, MOHRE. Kwanza ofa: mwajiri mpya huitoa kupitia mfumo wa wizara, nawe unaitia sahihi. Soma mshahara wa msingi, jina la kazi na urefu wa notisi, kwa sababu mkataba utakaofuata unatakiwa ulingane na ofa hiyo. Pili notisi. Sheria Na. 33 ya 2021, iliyoanza kutumika 2 Februari 2022, imeiweka baina ya siku 30 na siku 90, na mkataba wako unasema ni ngapi hasa. Ifanyie kazi yote. Ukiikatisha bila makubaliano utadaiwa mshahara wa siku zilizobaki.

Siku ya mwisho ikifika, mwajiri wa zamani huandaa fomu ya kufuta kibali. Hapa pana shimo kubwa. Fomu hiyo kwa kawaida ina mstari unaosema umepokea haki zako zote. Watu huitia sahihi wakiwa wamesimama kaunta, pesa wameahidiwa "kesho", na wanapolalamika baadaye wizara inawaonesha sahihi yao wenyewe. Sheria inampa mwajiri siku 14 tangu mkataba kwisha kulipa kila kitu. Ukilazimika kutia sahihi kabla ya kulipwa, omba barua nyingine inayotaja kiasi unachodai na tarehe ya malipo.

Kibali kikishafutwa, mwajiri mpya anaomba cha kwake, kisha unabadilishiwa hadhi ukiwa ndani ya nchi, unapimwa afya, unatoa alama za vidole na kupata Emirates ID mpya. Usianze kazi mpya, hata "siku mbili za kujaribu", kabla kibali hakijatoka.

Je, nikiwa bado kwenye kipindi cha majaribio?

Imarati: majaribio hayazidi miezi 6. Ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwengine ndani ya nchi unatoa notisi ya mwezi mmoja, na mwajiri mpya humrudishia wa zamani gharama za kukuleta isipokuwa wamekubaliana vyengine. Ukitaka kurudi nyumbani ni siku 14. Watu huchanganya hizi mbili: anasema anarudi Zanzibar, anatoa siku 14, kisha anaonekana Sharjah kazini.

Qatar: miezi 6 pia, notisi ya mwezi mmoja, na mwajiri mpya anaweza kudaiwa fidia isiyozidi mishahara ya msingi ya miezi miwili. Oman: majaribio hayazidi miezi 3, na notisi ni siku 7.

Malipo hayo ni baina ya waajiri. Ukiambiwa uyatoe wewe mfukoni, uliza kwa maandishi ni kwa kifungu gani.

Viza ikishafutwa nabakiwa na siku ngapi?

Imarati hutoa kuanzia siku 30 hadi 180 kutegemea aina ya ukaazi na daraja la ujuzi. Usikisie kwa kuangalia rafiki yako alipewa ngapi. Tarehe yako inaonekana kwenye mfumo wa uhamiaji wa huko ukiingiza namba ya pasipoti au ya faili, na ndiyo utakayoshtakiwa nayo. Ukipitiliza, faini ni dirhamu 50 kwa siku: siku 20 za kungoja kazi ambayo haijathibitishwa ni dirhamu 1,000, na kwa wengi hiyo ni karibu nusu ya mshahara wa mwezi.

Qatar inatoa siku 90 tangu ukaazi kwisha. Uingereza ni siku 60, lakini zinahesabiwa kivyake, tazama chini.

Na Qatar yenyewe?

Rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Tangu sheria za 2020, NOC imeondolewa kwa wote, wakiwemo wafanyakazi wa majumbani. Notisi ni mwezi mmoja kama umefanya kazi miaka 2 au pungufu, na miezi miwili kama umezidi. Unatoa notisi kupitia mfumo wa Wizara ya Kazi. Hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa ni yako mwenyewe na inapokea ujumbe, kwa sababu majibu huja huko. Namba ya dereva wa kampuni iliyoandikwa siku uliyofika imeshawachelewesha wengi.

Kiwango cha chini cha mshahara ni riyali 1,000, na kama hupewi malazi na chakula huongezwa 500 na 300. Ofa iliyo chini ya hapo usiihamie.

Saudia je?

Tangu 14 Machi 2021, mfanyakazi wa kampuni binafsi aliyetimiza mwaka mmoja kwa mwajiri wake anaweza kuhama bila ridhaa yake, kwa kutoa notisi. Mwajiri mpya hutuma ombi kwenye Qiwa, mfumo wa mtandaoni wa wizara ya kazi ya Saudia, na wewe unalikubali humo humo. Usipolikubali, halitembei. Unaweza kuhama kabla ya mwaka kama hukulipwa mshahara miezi 3 mfululizo, au ikama yako (kadi ya ukaazi) imekwisha bila kuhuishwa.

Wafanyakazi wa majumbani, madereva wa nyumbani, watunza bustani, wachungaji na wakulima hawamo kwenye utaratibu huu.

Dada yangu ni mfanyakazi wa nyumbani. Sheria hizi zinamhusu?

Kwa sehemu ndogo tu, na hapa tunaomba familia ziwe makini kuliko popote pengine. Qatar inamhusu. Saudia hapana, kama ilivyotajwa. Oman, Sheria ya Kazi ya 2023 haiwahusu wa majumbani, wana kanuni zao. Imarati wana sheria yao, Na. 9 ya 2022, yenye kipindi cha majaribio cha miezi 6 ambamo wakala aliyempeleka ana wajibu kwa pande zote mbili.

Kwa hiyo kabla hajaitoka nyumba anayofanyia kazi, mambo mawili yajulikane: jina la wakala kama lilivyo kwenye mkataba, na nakala ya mkataba wenyewe. Vikae kwenye simu ya mtu mmoja nyumbani, mama au kaka, siyo kwenye simu yake tu ambayo inaweza kuchukuliwa. Kama anapigwa, anafungiwa au hapewi chakula, hilo si suala la viza tena. Aende polisi au ubalozini, na mambo ya notisi yatafuata baadaye. Tanzania ina ubalozi Maskati, Abu Dhabi, Doha na Riyadh, na ubalozi mdogo Dubai na Jeddah.

Nimeambiwa kafili ameniripoti nimetoroka. Nimekwisha?

Hujakwisha, ila siku zinakula. Imarati, mwajiri anaweza kuripoti mfanyakazi aliyekosekana zaidi ya siku 7 mfululizo bila yeye kujua alipo. Ripoti ikisimama, unaweza kunyimwa kibali kipya kwa mwaka mzima. Inaweza kupingwa, na inayoangusha ripoti ya uongo ni karatasi: notisi yenye tarehe, cheti cha hospitali, ujumbe wa WhatsApp ambao mwajiri anakutuma kazini katika siku anazodai hukuwepo, mshahara ulioingia benki wiki hiyo hiyo.

Ripoti nyingi huja baada ya mtu kutoa notisi kisha akaacha kwenda kazini. Notisi haikupi likizo. Nenda kazini mpaka siku ya mwisho, na ukikatazwa mlangoni, piga picha ukiwa hapo na utume ujumbe saa ile ile: "Nimefika kazini saa 2 asubuhi, nimezuiwa kuingia."

Barua ya notisi iandikweje?

Fupi, bila lawama. Itaandikwa kwa Kiarabu au Kiingereza, lakini yaliyomo ni haya:

"Mimi (jina kama lilivyo kwenye pasipoti), pasipoti namba…, kadi ya ukaazi namba…, natoa notisi ya siku 30 ya kuacha kazi kuanzia tarehe 1 Machi. Siku yangu ya mwisho ni tarehe 30 Machi. Naomba nilipwe haki zangu zote na kibali kifutwe."

Itume kwa barua pepe, na ile iliyotiwa sahihi ipigwe picha utume WhatsApp kwa mwajiri au ofisa wa utumishi. Ukiipeleka mkononi, wakutilie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Usieleze unakokwenda.

Kiinua mgongo changu ni kiasi gani?

Imarati, baada ya kutimiza mwaka: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Neno zito ni *msingi*. Chukua anayepokea dirhamu 2,400, mshahara wa msingi ukiwa 1,500 na zilizobaki posho. Siku moja ni 1,500 ÷ 30, yaani 50. Mara 21 ni 1,050 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni 3,150. Wengi hupiga hesabu kwa 2,400 wakategemea 5,040, kisha wanagombana na mhasibu ambaye hakukosea. Ndiyo maana kwenye ofa mpya tunasema tazama mshahara wa msingi kwanza.

Kama una mkopo, jua kwamba mshahara wa mwisho ukiingia benki inaweza kuuzuia mpaka mlipane au ulete barua ya mwajiri mpya. Zungumza nao kabla.

Pasipoti yangu iko kwa kafili.

Oman inakataza mwajiri kuishika bila ridhaa yako ya maandishi, na Imarati na Qatar nazo zinakataza. Iombe kwa ujumbe ulioandikwa, kwa sababu ya kawaida kabisa: unaenda benki, unaenda kuihuisha. Akikataa, ujumbe huo ndio ushahidi wa kupeleka wizarani.

Hapa hapa, fungua ukurasa wa tarehe ya mwisho. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania ni ya miaka 10, lakini iliyobakiwa na chini ya miezi 6 hukwamisha kibali kipya. Anza kuihuisha ikiwa imebaki mwaka, kupitia ubalozi. Kinachochelewesha Wazanzibari kuliko chochote ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, ZanID inasema Hamisi, na pasipoti imeacha jina la babu. Kurekebisha kunaanzia nyumbani, kwenye usajili wa vizazi, na aliye Wete au Chake Chake anaweza kukuanzia ukimtumia picha za hati zote tatu zikiwa pamoja.

Naweza kwenda likizo nyumbani kwanza halafu nihame?

Bora uhame kwanza. Ukitoka nchini kibali kimefutwa na kipya hakijatoka, utahitaji viza mpya ya kuingilia na safari inaanza upya. Na ukaazi wa Imarati hufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6, hata kama tarehe ya kadi bado.

Nipo Uingereza kwa viza ya kazi ya ujuzi. Kuna tofauti gani?

Kubwa. Huko huhami kwa notisi, unaomba upya. Mwajiri mpya lazima awe na leseni ya udhamini, na orodha ya wenye leseni iko wazi mtandaoni: tafuta jina lake kabla ya mazungumzo yoyote ya mshahara. Anakupa cheti cha udhamini, ambacho kina namba tu, na una miezi 3 kukitumia. Unaomba kubadilisha viza, na huanzi kazi mpya mpaka jibu litoke. Ukiwa unangoja unaruhusiwa kuendelea na kazi ya zamani na kumalizia notisi. Kama hujatimiza miezi 12 nchini, uwe na pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28, au mwajiri akudhamini kwa hilo.

Ukiachishwa, au kampuni ikinyang'anywa leseni, mwajiri anatakiwa kuripoti ndani ya siku 10 za kazi. Siku zako 60 hazianzi kuhesabiwa siku uliyotoka kazini. Zinafuata barua ya Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji huko. Kwa hiyo anwani na barua pepe kwenye akaunti yako ya eVisa ziwe sahihi. Ukiwa na ombi linalosubiri, usisafiri nje ya Uingereza na Ireland hata kwa msiba, kwa sababu ombi litahesabiwa umeliondoa. Ni neno gumu kumwambia mtu aliyefiwa, lakini lazima alijue kabla hajakata tiketi.

Watunza wazee: tangu 22 Julai 2025 hakuna tena kuajiriwa kutoka nje kwa kazi hiyo. Walioko ndani bado wanaweza kuhama mwajiri. Maana yake ukiipoteza viza hii ukarudi nyumbani, mlango huo haufunguki tena kwa njia ile ile.

Mtu ananiuzia frii viza, nifanye kazi popote.

Haipo kisheria. Ni viza ya kafili ambaye hana kazi ya kukupa, na siku ukikutwa unafanya kazi kwa mwengine mwenye kosa ni wewe pamoja na aliyekuajiri. Imarati inakataza hata mwajiri halali kukutoza gharama za kukuajiri.

Muda wangu unaangukia Ramadhani na Idi.

Ofisi hufupisha saa mwezi wa Ramadhani na hufungwa siku za Idi, lakini siku zako zinaendelea kuhesabiwa. Panga kipimo cha afya na alama za vidole viishe kabla ya kumi la mwisho.

Mkataba mpya uko Kiarabu kitupu.

Kiarabu cha msikitini hakitoshi hapa, wala cha mtu anayekusomea huku akikuharakisha. Omba nakala ya lugha mbili, na ujue kwamba zikitofautiana, mahakama za Ghuba hufuata Kiarabu. Tafuta namba kwanza, kwa kuwa namba hazifichiki: mshahara wa msingi, siku za notisi, miezi ya majaribio, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Zilinganishe na ofa uliyotia sahihi. Kisha piga picha kila ukurasa, pamoja na ule wenye muhuri mtupu, uzitume nyumbani kabla hujatoka ofisini.